Kanda ya Kale Si Msahafu

Kuna imani iliyoota mizizi miongoni mwa maafisa utamaduni, waamuzi wa mashindano ya ngoma na hata baadhi ya wasomi wetu, kwamba ngoma halisi ya Wamakonde, Wamakua na Wayao ni ile iliyorekodiwa zamani. Kwao, kilichomo kwenye silinda za nta zilizoko Berlin na kwenye kanda za Redio Tanzania ndiyo asili, na kinachopigwa leo Masasi na Newala ni makombo. Kikundi kikipanda jukwaani na mpigaji akaingiza pigo jipya, kinapunguziwa alama. Mwimbishaji akigusia bei ya korosho ya msimu huu, anaambiwa ametoka nje ya mila. Ukiuliza kipimo kimetoka wapi, jibu ni rekodi.

Nakataa. Wala sikatai kwa kuzidharau rekodi hizo, maana nazitaka kuliko wanavyozitaka wao. Ninachosema ni kwamba wanazisikiliza vibaya. Rekodi ya ngoma ya Newala ni ushahidi wa kazi ya siku moja, ya watu fulani, waliokuwa wakitunga kwa pamoja papo kwa papo. Ukiigeuza kuwa kanuni, umewanyang'anya watu hao utunzi wao na umewafunga mikono wajukuu zao.

Tuanze na namna rekodi zenyewe zilivyopatikana. Mwaka 1906 Karl Weule, mtafiti wa makumbusho ya Leipzig, alishuka Lindi na kupanda bara hadi Masasi, Chingulungulu, Newala na Mahuta. Vita vya Maji Maji vilikuwa bado vibichi. Misheni ya Waanglikana ya Masasi, iliyoanzishwa mwaka 1876, ilikuwa imechomwa moto mwaka mmoja tu kabla. Weule alitembea na askari na wapagazi, akipokelewa na maakida, na kwenye mizigo yake kulikuwa na fonografu, kamera ya picha na kamera ya filamu. Kitabu alichokitoa mwaka 1908 kimejaa habari za ngoma, jando na unyago wa watu wa huku, na sauti alizozinasa ni miongoni mwa rekodi za mwanzo kabisa za nyanda hizi.

Sasa fikiria hiyo fonografu inavyofanya kazi. Haina maikrofoni. Ina faneli, na anayetaka kusikika lazima asogezwe mpaka karibu na mdomo wake. Aliyesimama hatua chache nyuma anapotea. Mngurumo wa ngoma kubwa hauingii vizuri kwenye nta, na silinda moja huchukua dakika mbili, tatu ikizidi sana, kisha imejaa. Ngoma inayoanza jioni na kuvunjika alfajiri, watu wakizunguka, wakiingia na kutoka, haiwezi kupita kwenye tundu hilo. Kilichopita ni sauti ya mtu mmoja au wachache waliosukumwa mbele ya faneli na kuambiwa waimbe sasa. Kamera ya filamu nayo ilikuwa bubu. Kwa hiyo tuna wachezaji wasiosikika na waimbaji wasioonekana, na kati ya vipande hivyo viwili ndipo ilipokuwa ngoma yenyewe.

Tena waimbaji hao walisimama mbele ya mgeni mwenye askari, mwaka mmoja baada ya vita kuzuka. Wapo walioimba kwa kufurahia chombo kipya, na hilo ni jambo la kawaida kabisa. Lakini uhuru wa kusema "leo hapana" haukuwa mkubwa. Anayeziita dakika hizo asili ya Wamakonde hajajiuliza ziliimbwa katika hali gani.

Isitoshe, walioimba hawakuwa wenyeji peke yao. Wapagazi wa Weule walikuwa Wanyamwezi, na nao waliimba. Mwaka 1909 Erich von Hornbostel, mkuu wa hifadhi ya sauti ya Berlin, alichapisha makala marefu juu ya nyimbo za Wanyamwezi. Maana yake ni kwamba mwaka ule ule wa 1906 tunaoambiwa ndio wa usafi, mtu wa Newala alikuwa akisikia nyimbo za Unyamwezi zikipita njiani pake, pamoja na za Wayao na za watu wa pwani. Nyanda hizi hazijawahi kukaa peke yao ili ngoma yao ipate kuganda. Miaka michache baadaye, pale Masasi, padri Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi mwaka 1926, alishirikiana na Wakristo wa huko kuunda jando la Kikristo: mambo mengine yakaondolewa, mengine yakaongezwa. Wazee wengi wa Masasi waliochezwa jando hilo walilipokea kama mila yao, na walikuwa na haki. Jando lipi basi ndilo la asili? Anayetaka tarehe moja ya kuwekea kigingi ataitafuta mpaka achoke.

Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipopita Tanganyika na gari lake la kurekodi mwaka 1950, chombo kilikuwa bora zaidi, lakini mkono wa mwenye chombo ulikuwa pale pale. Tracey alishika maikrofoni mkononi, akaisogeza kwa anayemtaka na kuiondoa kwa asiyemtaka, na akapima kila kitu kwa upande mmoja wa santuri za wakati huo, ambao ni dakika tatu hivi. Alikuwa na sikio zuri mno, na zile santuri 210 za mfululizo wake wa *Sound of Africa* ni hazina ambayo hakuna serikali ya Afrika Mashariki iliyoweza kuikusanya. Hata hivyo yeye ndiye aliyeamua ngoma inaanzia wapi na inaishia wapi. Redio Tanzania ilikuja na kanda ndefu na mafundi mitambo hodari, ila vipindi vya redio navyo vinakwenda kwa saa. Kwenye kila rekodi ya zamani kuna mtu aliyesema "anzeni" na mtu aliyesema "basi", na huyo hakuwa mpigaji ngoma.

Hebu sasa tutazame ngoma inavyopigwa. Msimu wa jando, mavuno yakishaingia ghalani, ngozi za ngoma huoteshwa moto wa nyasi mpaka zikaze. Vinganga, zile ngoma ndogo nyembamba zenye mguu wa ncha, huchomekwa ardhini na kupigwa kwa vijiti viwili, kwa kasi, pigo lisilokatika. Likuti huingia juu yake kwa mkono, na pigo lake halikai mahali pamoja. Ngoma kubwa huja mwisho na ndiyo yenye maneno mengi. Lipiko, yaani mchezaji wa ngoma ya vinyago ya mapiko, anapotokea na kinyago chake usoni, watu wasiojua hudhani kwamba anaifuata ngoma. Mtazame miguu. Anatoa hatua, anangoja, na mpigaji mkubwa anamjibu. Anakata ghafla, na mpigaji asipokata naye pamoja, uwanja mzima unajua nani kashindwa. Hatua inayofuata hairudii ile ya kwanza, kwa sababu jibu lililopigwa limemfungulia mlango mwingine. Pembeni mwimbishaji kamwona mtu aliyefika sasa hivi kutoka Mtwara, kamtia kwenye wimbo, waitikiaji wamecheka na kuitikia kwa nguvu zaidi, na wapigaji wamepandisha kwa sababu ya kicheko hicho.

Hakuna aliyepanga dakika, wala hakuna anayejua lipiko atatoka lini. Kanuni zipo na ni kali: nani anaingia kwanza, pigo gani la nani, nini hakifanyiki mbele ya wanawake, nini hakisemwi mbele ya watoto. Lakini kanuni hizo ndizo zinazowawezesha watu wanane au kumi kutunga kwa wakati mmoja bila kukanyagana. Huo ni ubunifu wa pamoja wa papo kwa papo, na ni ufundi mgumu unaotaka miaka mingi ya kukaa nyuma ya kinganga kabla ya kuruhusiwa kugusa ngoma kubwa.

Mapiko wenyewe ni hoja tosha. Kote kwa Wamakonde, ng'ambo ya Ruvuma hadi Mueda na huku kwetu walikohamia baadhi yao kwa ajili ya mashamba ya mkonge, vikundi vya mapiko vimekuwa vikishindana kwa uvumbuzi. Vinyago vya Mreno, vya Mhindi, vya Mwarabu na vya askari vilichongwa kwa sababu watu hao walikuwa wameingia katika maisha, na mchongaji na mchezaji walitaka kusema neno juu yao. Kikundi kilichokuja uwanjani na kile kile cha mwaka jana kilizomewa. Leo mwamuzi anawapunguzia alama vijana kwa kufanya jambo ambalo mababu zao wangezomewa kwa kutolifanya.

Naomba sasa tuwatazame wengine wanaotunga kwa mtindo huu huu, na jinsi rekodi zao zinavyotunzwa. Kwa msomaji wa Kiswahili jazz ni Morogoro Jazz, Kilwa Jazz, NUTA Jazz: magitaa, trampeti na dansi. Huko Marekani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, walizuka Wamarekani weusi walioacha mpangilio uliozoeleka na kuanza kutunga kwa pamoja wakiwa wanapiga. Tarehe 21 Desemba 1960, mjini New York, Ornette Coleman aliweka bendi mbili za watu wannewanne katika chumba kimoja, wakapiga mfululizo kwa dakika 37, na santuri ikaitwa *Free Jazz: A Collective Improvisation*. Tangu hapo wapo wanaoandika kana kwamba utunzi wa pamoja wa papo kwa papo ulizaliwa siku hiyo. Coleman anastahili heshima yake yote. Lakini kusema kwamba uliotendeka New York ni uvumbuzi na unaotendeka Newala ni urithi tu, ni kuamua kabla ya kusikiliza.

Miaka mitano baadaye, tarehe 28 Juni 1965, mwanamuziki mwingine wa mtindo huo, John Coltrane, aliwaita wenzake kumi, akiwa yeye wa kumi na moja, wakarekodi *Ascension*. Waliipiga mara mbili. Santuri ilipotoka ilibeba moja ya hizo mbili. Coltrane akaona nyingine ndiyo bora, na matoleo yaliyofuata yakabadilishwa, ikawekwa hiyo nyingine chini ya jina lile lile na namba ile ile. Leo zote mbili zinauzwa pamoja. Wasikilizaji wanazilinganisha dakika kwa dakika: nani aliingia mapema hapa, nani alinyamaza pale. Sijasikia hata mmoja akisema ya kwanza ndiyo asili na ya pili imeiharibu. Majina ya wote 11 yanajulikana, chombo cha kila mmoja kinajulikana, siku na chumba vinajulikana.

Ndiyo maana kisa cha Algiers kinaniuma. Julai 1969, katika tamasha la utamaduni wa Afrika nzima, Archie Shepp na wenzake wa jazz kutoka Marekani walipiga katika jukwaa moja na wanamuziki wa Algeria na Watuareg. Wote walitunga pale pale, wakijibizana, na rekodi ipo. Wamarekani wametajwa mmoja mmoja kwa jina na chombo. Wenyeji wao wametajwa kwa jumla, kama kabila na taifa. Rekodi ni moja na jukwaa ni moja, lakini upande mmoja wana watunzi na upande mwingine wana utamaduni.

Hivyo ndivyo tunavyofanyiwa, na hivyo ndivyo tunavyojifanyia. Kwenye orodha zetu utakuta "ngoma ya Wamakonde, Newala", basi. Nani alipiga likuti? Nani aliimbisha? Ilikuwa sherehe gani, saa ngapi ya usiku? Watetezi wa asili wana jibu lao: ngoma ni mali ya jamii, haina mwenyewe, ndiyo maana haina majina. Hoja hii inatolewa kwa sauti ya heshima, nami naiona kuwa mbaya kuliko zote. Wale 11 wa Coltrane nao walitunga kwa pamoja, hakuna kati yao anayeweza kusema hiki chote ni changu, na majina yao yote yameandikwa. Kutunga pamoja ni watu wengi kutunga. Haiwi kwamba hakuna aliyetunga. Pale kijijini kila mtu anajua nani alikuwa fundi wa ngoma kubwa na nani alimrithi. Majina yalipotea kwenye karatasi ya aliyerekodi.

Madhara yake yanaonekana. Sindimba ya Newala na Masasi ilichukuliwa katika miaka ya 1960 na kikundi cha ngoma cha taifa, na baadaye ikafundishwa chuoni Bagamoyo. Kazi hiyo siibezi. Ilifanya mtoto wa Bukoba aijue ngoma ya kusini, na wachezaji wake walikuwa mafundi wa kweli. Lakini jukwaa lilitaka mambo yake: mduara ukafunguliwa ukawa mstari unaowaangalia watazamaji, usiku mzima ukawa dakika chache, hatua zikahesabiwa ili wote wageuke pamoja. Hilo ni toleo la jukwaani, halali kabisa kwa jukwaa. Kosa ni pale toleo hilo linaporudishwa Newala likiwa kipimo, na wenye ngoma wakapimwa kwa nakala yao wenyewe. Nimeona watoto wa shule wakipangwa mistari mitatu na kuhesabiwa moja mbili tatu nne, huku mpigaji mzee aliyeombwa kuwasaidia akikatazwa kubadili pigo kwa kuwa watoto watachanganyikiwa. Mzee alikuwa akifanya kazi yake. Waliochanganyikiwa walikuwa wapangaji.

Nakiri kwamba wahifadhi wana hoja moja yenye uzito, nayo ni upotevu. Ni kweli kwamba mafundi wa kuchonga na kuwamba ngoma wanapungua, na kwamba sherehe nyingi za jando siku hizi zinaishia kwenye spika kubwa na muziki wa kwenye simu. Ni kweli pia kwamba wazee wenyewe husema ya zamani ilikuwa tamu zaidi. Nawasikia. Lakini sikiliza wanacholalamikia. Mara nyingi wanasema vijana hawasikilizani, kila mtu anapiga chake, hakuna anayejibu. Kilichopungua ni uwezo wa kujibizana, na uwezo huo haurudi kwa kukariri dakika mbili za mwaka 1906. Kijana akae na kanda ya Redio Tanzania, asikilize likuti linavyosita kabla ya kuingia, amwite babu yake amweleze kwa nini lilisita, kisha aende uwanjani atafute pahali pake pa kusita. Akinakili kusita kwa mwingine hajajifunza kitu.

Wapo pia wanaosema rekodi hazina faida kabisa kwa kuwa ngoma huishi uwanjani tu. Hao siwajibu kwa marefu. Fundi aliyekufa bila mwanafunzi hafundishi tena, isipokuwa pale alipoacha sauti.

Jambo lingine linafaa kusemwa wazi. Weule aliingia kwenye unyago na kuandika, kupiga picha na kurekodi. Baadhi ya yaliyomo katika kumbukumbu za namna hiyo hayakukusudiwa kusikika na kila mtu. Hivyo sidai kila kitu kimwagwe mtandaoni kesho asubuhi, kama wanavyotaka wengine kwa nia njema. Manyakanga na makungwi wa Masasi na Newala wakae, wasikilize wao kwanza, waamue lipi ni la hadhara na lipi ni la ndani. Uamuzi huo si wa Berlin, na hata Dodoma hauwahusu.

Hifadhi ya Berlin iliandikishwa na UNESCO mwaka 1999 katika rejesta ya Kumbukumbu ya Dunia. Dunia hiyo inajumuisha Chingulungulu. Kurudisha nakala kunawezekana: katika miaka ya 2010 rekodi alizozifanya Tracey kwa Wakipsigis wa Kenya mwaka 1950 zilirudishwa Kapkatet, na wakapatikana watu waliokumbuka siku ile. Kwa silinda za 1906 hakuna shahidi aliyebaki hai. Kwa kanda za Redio Tanzania wapo, na kila mwaka wanapungua.

Kwa hiyo naomba mambo machache. TBC, iliyorithi Redio Tanzania, iwatume watu wake na nakala za kanda za kusini mpaka Masasi, Newala na Tandahimba, wakae na wazee, waandike majina ya waliopiga. Balozi zetu na wizara ya utamaduni ziombe nakala za silinda za Weule kwa jina la wilaya hizo. Waamuzi wa mashindano waondoe kwenye fomu zao kile kipengele cha kufuata asili, waweke cha kujibizana. Na wewe msomaji, kama nyumbani kwenu Newala au Masasi kuna kaseti ya ngoma ya harusi au ya jando, usingoje serikali. Mwulize mama, mjomba, yeyote aliyekuwepo, kisha andika juu ya kasha lake: nani aliimba, nani alipiga nini, wapi, mwaka gani.